Muulize Shangazi: Niliiona Istanbul, au niliona migongo ya wenzangu?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Mwaka huu kikoba chetu cha akina mama, badala ya kuvunja na kugawana chote, tuliamua sehemu ya faida itupeleke Istanbul na kundi la kampuni moja ya Dar. Safari hiyo nilikuwa naiota. Sasa nimerudi, mume wangu ananiuliza nimeona nini, najikuta namwonesha picha tu, na nyingine hata mimi sijui ni msikiti upi. Tangu asubuhi tulikuwa tunamkimbilia mwongozaji aliyeinua mwavuli mwekundu. Msikiti wa Ayasofya tulipandishwa orofani, chini tukawa tunaona watu wanaswali. Nami nilitamani mno kusujudu pale, nikaambiwa muda hautoshi. Lakini duka la mazulia tulikaa mpaka miguu ikafa ganzi! Je, tulipigwa? Au mimi ndiye sijui kutalii?
*Mwalimu, Morogoro*

Marahaba, Mwalimu. Hukupigwa, na kutalii unajua. Ila wewe ulikuwa unaiwaza Istanbul, wao wakakuuzia kifurushi.

Tuanze na mazulia, maana naona ndiyo yaliyokukaa rohoni. Kampuni hizi zinashindana kwa bei. Ili ndege, hoteli, kifungua kinywa, basi na mwongozaji viingie kwenye bei ambayo kikoba kinaimudu, pengo linazibwa na maduka: ya mazulia, ya makoti ya ngozi, ya vito, ya zile peremende zao za lokum. Basi likishusha watu, duka linatoa kamisheni. Watu wakinunua, kamisheni inanona. Utalii wa bei poa unaendeshwa hivyo Istanbul na kwingineko, wala si siri. Ndiyo sababu Ayasofya mlihesabiwa dakika, na dukani hakuna aliyetazama saa. Siku nyingine ukipewa ratiba, ujue kuwa "kutembelea kituo cha ufumaji" ni duka. "Maonyesho ya mavazi ya ngozi" ni duka, tena lenye muziki. Waulize kwa maandishi ni maduka mangapi na mnakaa kila moja muda gani, kabla hujatoa hata advansi.

Lakini mimi duka lile sitalisema vibaya, utanisamehe. Mimi ni mshona mapazia hapa Tanga, na katika kundi langu ndiye peke yangu niliyekuwa sitaki kutoka. Walituketisha kwenye mabenchi kuzunguka ukuta, chai ikaja kwenye vile vigilasi vyembamba kiunoni, vijana wakaanza kukunjua mazulia sakafuni, moja juu ya jingine, mpaka hapakuwa na pa kukanyaga. Mwisho likaja la hariri, dogo, halizidi mswala. Kijana akalishika pembe mbili, akalirusha, likazunguka hewani na kutua limegeuka rangi: lililokuwa la samawati iliyokolea sasa linameta kifedha. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikacheka. Manyoya ya zulia yanalala upande mmoja. Ukilitazama kutoka upande mmoja linang'aa, ukihamia wa pili linameza mwanga. Sisi tunaoshona mahameli hilo tunalijua kwa hasara: ukikata kipande kimoja kimeelekea juu na kingine kimeelekea chini, mteja atakurudia kwamba umemshonea pazia la rangi mbili. Nikaomba nione mgongo wake. Nikapitisha ukucha juu ya vifundo, vimebanana hata ukucha haupati pa kuzama. Yule kijana akaniuliza kama nina kiwanda. Akataja bei, kwa dola. Nikasema mashallah, nikamalizia chai yangu. Chai ile, Mwalimu, hailipiwi na wala haikufungi kununua kitu. Kunywa, tazama, shukuru, toka.

Sasa Ayasofya. Hapo mwongozaji wenu hakukuonea. Tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni analipa euro 25 na kupandishwa orofani, akiingilia upande wa nyuma, karibu na lango la kasri la Topkapi. Chini ni kwa wanaoswali. Huko hakuna kiingilio, na mlango wake uko upande wa uwanja wa Sultan Ahmed. Ukiingia kwa tiketi ya utalii hushuki kuswali, hata muda ungetosha. Dawa yake ilikuwa kumwambia mwongozaji usiku uliotangulia: "Kesho adhuhuri naswali ndani, tukutane baada ya swala kwenye chemchemi ya Wajerumani." Chemchemi ile ina kuba lake na nguzo, ilizinduliwa mwaka 1901 kama zawadi ya mfalme wa Ujerumani, haipotei machoni hata kwa mgeni. Nimeona wenzetu wakifanya hivyo, na kundi likawangoja vizuri tu. Ukisubiri mpaka mwavuli umeshainuliwa, jibu ni lile ulilopewa. Jengo lenyewe lilikamilika mwaka 537, likawa msikiti 1453, likageuzwa makumbusho katika miaka ya 1930, likarudi kuwa msikiti 2020. Kila aliyelishika amepanga upya nani aingilie wapi.

Na huko juu ulikopelekwa usikudharau. Yale mabamba makubwa ya duara yaliyoandikwa kwa dhahabu, jina la Mwenyezi Mungu, la Mtume, ya makhalifa wanne, ya Hasan na Husein, aliye chini anayaangalia kwa kukunja shingo. Wewe yalikuwa karibu usawa wa macho yako, na kila moja lina upana wa zaidi ya mita 7. Huko huko juu ndiko kuliko na michoro ya vijiwe ya enzi za kanisa. Na kuna ukingo wa marumaru ambao mtu mmoja wa kaskazini ya Ulaya, miaka zaidi ya elfu iliyopita, alichokora jina lake kwa maandishi ya Waviking: Halvdan. Kajiandika pale kama wanafunzi wako wanavyojiandika kwenye madawati. Mlinzi amesimama kando siku hizi, kachelewa.

Picha zako tuzipange, usimwambie mumeo huzijui. Hesabu minara. Yenye sita ni msikiti wa Sultan Ahmed, uliojengwa kati ya 1609 na 1616. Ukiwa na picha ya ndani utaona vigae vya buluu vya Iznik, vipo zaidi ya 20,000. Yenye minara minne, mmoja wa matofali mekundu na mitatu ya mawe, ni Ayasofya. Minne pia, lakini miwili mirefu na miwili mifupi, umekaa kilimani, huo ni Süleymaniye, kazi ya msanifu Sinan, ulikamilika 1557. Ukiona msururu wa mabomba ya moshi juu ya paa, hilo ni jiko la Topkapi. Ukiona giza, maji, nguzo nyingi na kichwa cha mwanamke kilichowekwa juu chini, hilo ni birika la chini ya ardhi, lenye nguzo 336.

Halafu tafuta jiwe refu lililochongoka, lenye ndege wamechongwa juu yake. Naamini mlipitishwa hapo mbio mkielekea kwenye basi, maana nasi tulipitishwa hivyo hivyo. Ni jiwe la Misri, lilichongwa kwa ajili ya Farao Thutmose wa Tatu, miaka zaidi ya 3,400 iliyopita, likasimama Karnak kabla Warumi hawajalibeba. Mfalme Theodosius akalisimamisha pale mwaka 390, na kwenye kitako chake wamechonga hata jinsi lilivyoinuliwa kwa kamba. Niligeuka nyuma nikalitazama vizuri wakati wenzangu wanapanga foleni ya mahindi ya kuchoma. Mistari ya wale ndege ingali makali. Misikiti yote, makasri yote, yamelikuta jiwe la Afrika limetangulia duniani. Mumeo akiuliza tena, anza na hilo.

Kundi silikatai, usinielewe vibaya. Uwanja wao wa ndege, ule waliohamia 2019, uko mbali huko karibu na Bahari Nyeusi, na ni mkubwa kiasi kwamba kumwona mtu ameshika bango lenye jina la kundi letu nilimshukuru Mungu. Vile vihedifoni tulivyogawiwa navyo vilinifurahisha: mwongozaji anaweza kuwa upande wa pili wa uwanja, sauti yake iko sikioni. Wetu alisahau kuzima, tukamsikiliza sote akigombana na dereva kuhusu maegesho. Lakini ratiba isiyo na alasiri hata moja tupu, yaani muda huru, mimi silipii tena. Ile alasiri ndiyo unarudi mahali pamoja palipokuvutia, unakaa, hakuna mwavuli.

Shangazi, salamu nyingi kutoka Mombasa. Mimi na ndugu zangu tumechanga tumpeleke mama Istanbul mwezi wa Disemba, na kundi. Ana miaka 68, ana presha na magoti yanamsumbua. Yeye anasema atatembea tu, ila sisi tunamjua. Je, ataweza?
*Kitinda mimba, Mombasa*

Mwanangu, Mungu awabariki kwa mchango huo. Ataweza, ila si kwa mwendo wa kundi zima.

Istanbul ni mji wa vilima, na mitaa ya zamani imetandikwa mawe ambayo mvua ikinyesha yanateleza. Disemba mvua ipo, na baridi yake si ile ya Julai ya Mombasa mnayoijua: inashuka mpaka karibu nyuzi 5, na mara nyingine theluji inaanguka. Kanga ya kujitanda haitoshi. Mnunulieni viatu vya kufunga vyenye soli ya mpira, avivae nyumbani vimzoee kabla ya safari. Akija na vile vya wazi vya arusini, mtambeba.

Dawa za presha zisiwape wasiwasi wa saa. Tangu 2016 Uturuki haipeleki saa mbele na nyuma tena, wakati wao ni sawa na wetu mwaka mzima. Atameza saa zile zile alizozoea. Ila mwongozaji akisema kwa Kiingereza tukutane saa nane, mama asije akaenda kulala mpaka mchana. Mtafsirieni: saa mbili asubuhi.

Topkapi ndiyo itakayomla magoti, maana ni nyua nne kubwa na kila chumba kina vizingiti vyake. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba mama atachagua. Ningekuwa mimi ningempeleka vyumba viwili tu. Kwanza chumba cha masalio matukufu, lilimo joho la Mtume, ambako msomaji ameketi anasoma Kurani na kupokezana na wenzake usiku na mchana. Mama atataka kusimama pale muda mrefu, mwacheni. Kisha jikoni, kwenye vyombo vya Kichina. Wamevipanga maelfu, vingine vya kijani kibichi kilichopauka, na mtu wa pwani akiviona atavitambua, kwani ni ndugu wa vile vilivyofukuliwa Gede na vile vilivyopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi. Kwao vilikuwa vya kumpakulia sultani chakula, sisi tunaweka juu ya kaburi. Baada ya hapo mketisheni uwanja wa nne, kwenye baraza linalotazama bahari, nyie mkamalizie mengine. Na angalieni siku: Topkapi hufungwa Jumanne.

Kitu kitakachompendeza kuliko vyote hakimo kwenye vifurushi vingi, kwa kuwa hakina kamisheni. Ni feri ya kawaida, ya wananchi, kutoka Eminönü kwenda Üsküdar. Dakika 20 hivi, nauli ndogo, anakaa kwenye benchi la ndani lenye dirisha, muuza chai anapita na sinia, shakwe wanafuata chombo wakirushiwa vipande vya simit, ule mkate wao wa duara wenye ufuta. Amepanda Ulaya, anashuka Asia, na magoti yake hayajui. Mmombasa aliyezoea feri ya Likoni atashangaa jambo moja tu: watu wamekaa. Kundi litawauzia safari ya boti yenye chakula cha jioni na mcheza ngoma ya tumbo. Kama mama ni yule ninayemwaza, hiyo mwachieni mwingine.

Vyoo: misikiti mingi ina vyoo nje, vya kuchuchumaa kama vyetu na vya kukaa pia, na vingine vya mjini vinalipiwa. Awe na sarafu mfukoni.

Anti, mambo! Mimi ni mfanyabiashara wa nguo Kariakoo. Nimepata nafasi kwenye kundi la utalii la kwenda Istanbul, bei imekaa vizuri kuliko nikienda mwenyewe. Nataka nitumie safari hiyo kununua mzigo. Naweza kuwatoroka? Na Grand Bazaar ndiyo penyewe?
*Kijana wa Kariakoo*

"Mambo" ni ya rika lako, baba. Mimi niamkie, ndipo uniulize mzigo.

Usitoroke, aga. Ukitoweka bila kusema, mwongozaji anaweza kuripoti kwamba kapoteza mtu, na basi zima litakukalia kooni. Mwambie siku fulani hamko pamoja, mwachie namba yako, chukua kadi ya hoteli, na pasipoti yako ishike wewe. Hoteli watainakili na kukurudishia.

Grand Bazaar, wenyewe wanaiita Kapalıçarşı, si mahali pa mzigo. Nenda ukaione, soko la kuezekwa lenye maduka kama 4,000, lilianza muda mfupi baada ya Waturuki kuuteka mji 1453, na Jumapili limefungwa. Lakini pale wanasubiri mtalii, na bei ya kwanza anayotajiwa mtalii ni ya kumpima akili. Mzigo ni Laleli. Shuka tramu ya T1 kituo cha Laleli, tembea mitaa ya nyuma. Utajua umefika ukianza kuona mabonge ya mizigo yamefungwa kwa utepe wa gundi na kusikia Kirusi, Kiarabu, na hapa na pale Kiswahili cha kwetu. Kule hawauzi shati moja. Wanauza kwa seri, yaani pakiti ya saizi zote za mtindo mmoja, kwa hiyo usiingie na bei ya kipande kichwani. Kwa magauni ya kike ya bei juu kidogo watu huenda Osmanbey. Jumapili huko nako ni makufuli, na kundi lako likikupa muda huru Jumapili, omba wakubadilishie. Mtu wa kago apime mzigo mbele yako, kilo ziandikwe, risiti uondoke nayo.

Shika kitambaa kabla hujaangalia mtindo. Kipinde, kinyooshe kwa kidole gumba, tazama kama kinarudi. Weka mshono dhidi ya mwanga wa mlangoni. Ukiona matundu ya sindano yamepanuka, hilo gauni halivuki ukumbi wa kwanza wa harusi.

Mengine mawili, kwa vile wewe ni kijana na utatembea peke yako. Mng'arisha viatu akipita mbele yako akaangusha brashi, iache chini au mwite kwa mbali na uendelee na safari. Ukiiokota, atakushukuru kwa kukupiga rangi kiatu "bure", kisha utasikia bei. Na mwanamume mwenye suti atakayekuuliza unatoka wapi, akafurahi kupita kiasi kusikia Tanzania, akakualika kinywaji maeneo ya Taksim: mwambie una swala. Bili ya mahali anapokupeleka imewaliza watu wazima.

Shangazi, shikamoo. Swali langu fupi. Chakula cha Waturuki kinalika? Mie mtu wa urojo.
*Wa Mlandege, Unguja*

Marahaba. Kinalika, ila pilau lao halina bizari wala mdalasini wa kwetu, ni wali wa siagi, usilikasirikie. Asubuhi hotelini utakuta zeituni, matango, nyanya na jibini; chai nyeusi, maziwa hakuna. Ukiikumbuka nyumbani, agiza supu ya dengu, wanaiita mercimek, ikija kamulia ndimu nyingi. Inakaribia. Ayran ni mtindi wenye chumvi, wengine katika kundi letu waliutema, mimi niliongeza. Samaki wa kwenye mkate pale Eminönü ale mtu mwenye subira ya miiba. Pilipili yao inapamba tu, kwa hiyo beba ya kwako, na chupa iweke kwenye begi la kuingia chini ya ndege. Ukiishika mkononi ikazidi mililita 100 watakunyang'anya pale pale kwenye ukaguzi.